Bawaba ya Tatu

Treni ya kutoka Dar es Salaam huingia Moshi asubuhi, saa ambayo mlima bado uko wazi, kabla haujajivutia shuka la mawingu. Nilishuka na begi la nguo na mfuko wenye futi kamba mbili, boksi la chaki na betri ya akiba ya simu. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka nazi Mbuyuni alikuwa ameuona mfuko ule tangu Korogwe. "Wewe ni fundi?" akauliza. Nikamwambia hapana, naenda kuangalia nyumba ikibomolewa. Akanitazama kama mtu aliyesafiri usiku kucha kwenda kuangalia mvua.

Nilikuwa nimeitwa. Shemeji yangu, kitinda mimba wa wakwe zangu wa Old Moshi, aliniandikia: "Shem, nyumba ya Babu tunaishusha Jumamosi. Njoo na futi kamba, simu yangu haioni kila kitu." Kwa desturi ya Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake. Nyumba ilijengwa mwaka 1956 kwa fedha ya kahawa. Sasa paa lilikuwa linavuja, vyumba vilikuwa vitatu, na ukoo ulitaka pa kulaza watu ishirini na wawili wanaorudi nyumbani ifikapo Desemba. Anayemjua Mchagga na Desemba yake hahitaji maelezo zaidi.

Mimi ni mtu wa Korogwe, na huwa nawatania wakwe zangu kwamba reli ilitufikia sisi kwanza. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi ndiyo 1911. Miaka 18 kwa kilomita 350 hivi! Baadaye treni za abiria zilisimama kwa zaidi ya miaka 25, hadi ziliporudi Desemba 2019. Lakini katika miaka hiyo yote reli yenyewe haikuacha kusafiri. Tembea Moshi ukiwa na jicho la mnunuzi wa chuma chakavu utaiona: kipande hiki kimekuwa nguzo ya geti kule Pasua, taruma la chuma limekuwa kivuko cha mtaro Njoro, kipande kingine kimetundikwa mtini uani mwa shule na ndiyo kengele. Vilitokaje relini, hilo sitauliza. Ninachojua ni kwamba vilifika vinapohitajika kwa njia ya mdomo tu, kwamba fulani anacho na fulani anakitaka. Hata Wajerumani wenyewe, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waling'oa reli nyepesi za mashambani wakatandika njia ya toroli kutoka Mombo hadi Handeni.

Daladala ya Old Moshi hupanda taratibu, na kadiri inavyopanda ndivyo migomba inavyokaribia madirisha. Mji wa Moshi ulikuwa huku juu hapo zamani. Reli iliposimama bondeni, boma na biashara vikashuka kuifuata, na jina likashuka navyo. Walioachwa mlimani wakabaki na neno la Kizungu mbele ya jina lao, Old. Tulipita Tsuduni, penye mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900. Kondakta alipunguza sauti ya redio. Sijui kama hufanya hivyo kila siku.

Nyumba ya Babu ilikuwa mwisho wa njia ya masale, ile mimea ambayo Wachagga huipanda kuweka mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Msingi wa mawe meusi ya mlima, kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya mbao sebuleni, paa la bati nene lililokuwa jekundu enzi zake. Mlango wa mbele ulikuwa wa mringaringa, mzito kama ng'ombe aliyelala, ukining'inia kwenye bawaba tatu za shaba. Miaka ile ya hamsini bei ya kahawa ilikuwa imepanda, Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa na nguvu, Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu, na vihamba vilikuwa vinavua nyasi na kuvaa mabati. Baba yake Babu alizaliwa na kufia kwenye msonge wa nyasi. Babu alifia chini ya bati.

Shemeji anasoma Chuo Kikuu Ardhi, na alikuwa ameshaipiga nyumba picha 640. Kazi yenyewe si uchawi. Unaizunguka nyumba polepole, kila picha ikilalia sehemu ya ile iliyotangulia. Programu ya bure inayoitwa Meshroom hutafuta alama zinazojirudia, kama kona ya dirisha, ufa au msumari, halafu hupiga hesabu ya mahali simu ilipokuwa kila ilipobonyezwa. Alama zikitosha, nyumba inasimama kwenye kioo, unaizungusha kwa kidole. Lakini programu haijui kama hiyo ni nyumba au kiberiti mpaka uipe kipimo, na hapo ndipo futi kamba inapoingia: unaitandaza ukutani na kuipiga picha pamoja na ukuta. Zipo simu ghali zenye leza zinazopima zenyewe, ila hizo huona mita tano hivi tu, na ya shemeji haikuwa mojawapo.

Mama mkwe aliitazama nyumba ile ikielea kwenye kompyuta, akatafuta miwani, akatazama tena. "Mbona upande wa migomba haina ukuta?" Ni kweli, palikuwa na tundu. Majani ya mgomba hayatulii kwenye upepo, na kitu kisichotulia huichanganya programu. Mama akacheka. "Basi na mimi ningekuwepo isingeniona. Tangu nizaliwe sijatulia."

Kutokana na picha zile shemeji alitengeneza jedwali la Excel: boriti 31, kenchi saba, mabati 64, milango mitano, madirisha ya chuma manane. Kila kimoja kilipewa namba, na namba hiyohiyo tukaiandika kwa chaki juu ya kifaa chenyewe. Mlango wa mbele ukawa M1. Bawaba zake M1-a, M1-b na M1-c. Nililiona jedwali lile nikadhani kazi imekwisha. Ndipo akaja fundi.

Ni seremala mzee wa Kiboriloni, mtu wa maneno machache. Tulimwamkia, akaitikia, akasukuma simu pembeni kwa nyuma ya kiganja, akaegemeza ngazi. Aligonga boriti ya kwanza kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Hii inasikia." Akagonga ya pili. "Hii imekufa." Mchwa hula ubao kutoka ndani na kuuacha na ngozi nzima, kwenye picha ubao ule unapendeza kuliko wenzake. Baada ya saa moja boriti 31 zilikuwa 19, na shemeji alikuwa anafuta mistari kwenye jedwali kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa darasa gumu.

Kisha mambo yakageuka. Juu ya jiko la zamani palikuwa na mbao nyeusi kwa moshi, na jedwali lilikuwa limeziandika "kuni". Fundi alitoa kisu mfukoni, akakwangua mahali padogo, akatuita tunuse. Harufu ilipanda puani kama dawa ya kuchua. Kamfa! Miaka zaidi ya sitini imekaa juu ya moto na bado inanukia.

Mti huo, ambao wazee wa mlimani huuita mseri, uliangushwa kupita kiasi. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili chini ya msitu ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia juu. Mwaka 1984 ukataji wa miti ya asili mlimani ukapigwa marufuku. Mwaka 2001 watafiti waliuzunguka mlima kwa ndege ndogo wakihesabu visiki na matanuri ya mkaa kutoka angani, na hawakuona machache. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa hiyo ukitaka kamfa ya mlima huu leo bila kuvizia usiku, angalia juu ya vichwa vya watu, kwenye mapaa ya wazee. Na mapaa hayo ndiyo tunayoyachoma kuni kila nyumba mpya inapojengwa.

Matofali nayo yalikuwa na hadithi yake. Shemeji alikuwa ameandika sifuri, kwa sababu kila alichosoma kilimwambia tofali lililojengewa haling'oki zima. Fundi aligonga kona ya ukuta mara moja kwa kichwa cha nyundo, tofali likatoka safi kama jino la maziwa. Babu hakutumia saruji, alitumia chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo ukigonga, inayoachia ni chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kuchoma, na ukigonga, kinachovunjika ni tofali lenyewe. Nyumba zetu za leo zikibomolewa zitaacha kifusi tu. Ya Babu iliacha matofali ya kujengea nyumba nyingine.

Nisije nikaonekana nimekwenda Old Moshi kuwasifu wazee na kuwasuta vijana. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda lililoongezwa miaka ya sabini, limeezekwa mabamba ya kijivu yenye mawimbi. Fundi aliyapenda: hayashiki kutu, yanakatika kwa msumeno, yanafaa banda la nguruwe. Shemeji akainamia simu, akalinganisha picha, akainua kichwa. "Fundi, usiguse. Hii ni asbesto." Akaeleza kwamba vumbi lake likiingia mapafuni hukaa miaka na miaka, na saratani inaweza kuja mtu akiwa ameshasahau alichokikata. Yasikatwe wala kuvunjwa. Yalowanishwe, yashushwe mazima, yafungwe kwenye nailoni. Fundi alisimama kimya na msumeno mkononi. Halafu akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, kwamba miaka ile alikata mabamba kama yale shule nzima, bila hata kitambaa puani. Hatukupata la kumjibu. Mama mkwe alituita tukale mtori.

Jioni ile shemeji alinionyesha yanayofanyika ng'ambo. Zurich, kwenye chuo cha ETH, Catherine De Wolf na wenzake waliyapima kwa leza majengo ya mbao ya chuo hicho yaliyokuwa yabomolewe, wakavipa vifaa misimbo ya QR, na wanafunzi wakayatumia mabaki kujenga kuba. Uholanzi, tangu mwaka 2017, kuna daftari la kidijitali linaloitwa Madaster ambamo jengo huandikiwa pasipoti ya vifaa vyake likiwa bado limesimama. Portland, Marekani, nyumba kongwe za mbao haziruhusiwi kuangushwa kwa mashine tangu mwaka 2016. Lazima zivuliwe kwa mkono. Nilipendezwa, ingawa nilijiuliza tofauti yetu na wao iko wapi. Kwao kilicho ghali ni mkono wa mtu, ndiyo maana wanatafuta mashine ya kuona. Kwetu mikono ipo, vijana wako vijiweni. Kinachotuponyoka ni sikio la yule mzee wa Kiboriloni. Hakuna aliyelirekodi likigonga boriti.

Nilimwambia shemeji arekodi. Asubuhi yake alimfuata fundi na simu, ubao kwa ubao, sauti ya mzima na sauti ya mfu, kila moja na namba yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote ambazo simu ile ilifanya wiki hiyo.

Kuhusu biashara, nitasema kwa ufupi. Picha ziliingia WhatsApp, kundi la ukoo kwanza, kisha makundi ya mafundi wa Uru, Kibosho na Marangu. Majibu yalikuwa yale unayoyajua: "Bei?" "Mwisho ngapi?" "Ipo?" Picha iliyovuta watu wengi ilikuwa ya madirisha ya chuma, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mbuzi. Watu saba waliuliza bei ya mbuzi. Lakini picha zenye futi kamba ndani yake ziliuza zenyewe; mnunuzi wa Kibosho alilipia mabati ishirini kwa simu bila kupanda kuja kuyaona, kwa kuwa urefu aliusoma na unene tulimwandikia. Fundi alisema ni geji 24. Siku hizi watu huezekea geji 30, na kwenye mabati namba ikipanda, bati linakonda.

Jumamosi mzee wa kanisa alisali kwanza. Alipokwisha kuondoka, mama mkwe alichuma sale mbili, akazifunga kwenye komeo la mlango, akamwomba msamaha aliyeijenga nyumba, ambaye kaburi lake liko hatua thelathini kutoka hapo. Mbege kidogo ilimwagwa. Kisha fundi akawakusanya vijana sita waliozoea kubomoa kwa nyundo kubwa na mtaimbo, akawapa masharti mapya: hakuna malipo ya siku. Kila boriti itakayoshuka nzima inalipwa, itakayovunjika, pole. Sijawahi kuona vijana wakishika ubao kwa adabu namna ile. Nyumba ilivuliwa kinyumenyume: mabati, papi, kenchi, dari, fremu, sakafu, na tofali mwisho. Misumari ilichomolewa na kutiwa ndoo. Shemeji alikaa chini ya mparachichi akiweka alama ya tiki kwenye simu.

Kitu cha mwisho kung'olewa ukutani kilikuwa kibao cha anwani ya makazi. Kilipigiliwa mwaka 2022, mwaka wa sensa, ambao kwa mara ya kwanza nchi yetu ilihesabu pia majengo. Makarani walipita na vishikwambi wakapata majengo 14,348,372 Bara na Visiwani. Nyumba ya Babu ilikuwa mojawapo. Nilikishika kibao kile nikakumbuka barabara ya Morogoro mwaka 2017, kutoka Kimara kwenda Kibaha, nyumba zilizoandikwa X nyekundu ili zibomolewe. Wenyewe walikuwa wanang'oa mabati yao usiku kwa tochi, mbiombio, na kilichobaki kikawa kifusi. Nchi inayoweza kuipa kila nyumba namba inashindwa nini kuuliza, siku nyumba inapoombewa ruhusa ya kujengwa upya, ile ya zamani ina nini ndani yake na kitakwenda wapi? Karatasi moja, picha chache zenye futi kamba. Naomba wahusika walifikirie hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. M1 hauna nakshi, na umezaliwa miaka kumi na sita baadaye. Usipoandikwa na mwenye nyumba, hakuna atakayeuandika.

Walinipa mimi huo mlango. Mkwe wa Korogwe hapewi kihamba, akasema mama mkwe, ila mlango anaweza kupewa.

Na sasa kosa langu. Bawaba mbili zilitoka na mlango. Ya tatu, M1-c, ilikuwa imeshika kwenye fremu, ikachomolewa baadaye na kutiwa kwenye ndoo ya misumari. Ndoo niliiweka mimi mwenyewe getini nikaenda kuoga. Mnunuzi wa chuma chakavu akapita na toroli, kijana mmoja akampimia ndoo nzima kwa kilo. Kwenye simu ya shemeji M1-c ina tiki ya kijani na picha mbili, mbele na nyuma. Jumatatu nilizunguka kwenye yadi za chakavu mjini nikizionyesha picha hizo. Lori lilikuwa limeshaondoka.

Mlango uko sebuleni kwangu Tabata, umeegemea ukuta. Bawaba ninayoitafuta ni ya shaba, inchi nne, matundu matatu kila bawa, kichwa cha pini ni cha mviringo kama punje ya mtama. Mwenye ya kufanana nayo, kutoka nyumba yoyote ya miaka ya hamsini, iwe ya Machame, Lushoto au Bukoba, aipige picha ikiwa pamoja na futi kamba, aitume kwa mhariri. Nitaifuata mwenyewe, hata kama ni kwa treni.